Nia Iliyowekwa Usiku

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu zangu, uko udhuru tulioutumia mpaka umekuwa kama salamu. Mtu kampiga mkewe, akiulizwa anasema, "Shetani kanipitia." Mwengine kala amana ya mayatima, anasema, "Ndivyo nilivyoandikiwa." Na sasa umeingia mwengine, unatoka kwa vijana wetu waliosoma: "Ubongo ndio ulioamua, mimi nimekuja kuarifiwa tu."

Kijana mmoja wa darsa yetu hapa Wete, ambaye sasa anasoma chuo kikuu Unguja, aliniuliza kwa adabu kabisa baada ya sala ya Isha: "Maalim, wanasayansi wamepima, wakaona ubongo unaanza kuutayarisha mkono kabla mwenyewe hajajijua kuwa anataka kuunyanyua. Basi hiari iko wapi? Na kama hiari hakuna, hisabu ya Siku ya Kiyama itakuwaje ya haki?" Wazee waliokuwa karibu walitaka kumkemea. Mimi naona anayeuliza hivi kwa kutaka kujua yumo katika ibada. Asubuhi nasomesha bayolojia skuli, jioni nasomesha darsa, na siwezi kumwambia mtoto jambo asubuhi nikalikana usiku.

Kwanza tulijue jambo lenyewe, maana wengi hulipinga bila ya kulijua, na wengine hulimeza bila ya kulijua.

Mwaka 1965 Wajerumani wawili, Hans Helmut Kornhuber na Lüder Deecke, walieleza walichokiona walipowabandika watu vipokezi vya umeme kichwani na kuwaambia wacheze kidole wakati wowote wautakao. Umeme wa ubongo ulikuwa ukipanda aste aste, sekunde moja hivi au zaidi, kabla kidole hakijacheza. Hilo halikuwashtua watu sana. Lililowashtua lilikuja mwaka 1983. Benjamin Libet, mtafiti wa San Francisco, Marekani, aliwakalisha watu mbele ya nukta ya mwangaza inayozunguka duara kama mshale wa saa, mzunguko mmoja kwa sekunde 2.56. Wakunje mkono wakati wowote watakapojisikia, kisha waseme nukta ilikuwa wapi pale walipohisi mara ya kwanza kwamba wanataka kuukunja. Umeme ulianza kupanda kiasi cha milisekunde 550 kabla ya mkono kukunjika. Hamu yenyewe walisema waliihisi kiasi cha milisekunde 200 kabla. Ubongo ulitangulia kwa theluthi ya sekunde hivi, na hapo ndipo watu wengi walipoanza kusema kwamba hiari ni ndoto.

Mwaka 2008 wengine wa Ujerumani, wakiwamo John-Dylan Haynes na wenzake, walitumia mashine ya MRI, inayopiga picha za ndani ya ubongo, wakasema wanaweza kutabiri mtu atabonyeza kitufe cha kulia au cha kushoto hata sekunde saba kabla ya yeye kujijua. Anayeisambaza habari hii kwenye simu huwa anasahau kusema kwamba utabiri ulikuwa sahihi kwa kiasi cha asilimia 60 tu, na mtu akibahatisha na macho kayafumba anapata 50.

Sasa tujiulize. Watu wale waliingia vipi katika chumba kile? Walitoka majumbani mwao, wakaelezwa kazi, wakakubali, wakakaa kitini na azma kwamba kila nitakapojisikia, nitakunja mkono. Uamuzi ulikwisha pita hapo. Kilichobakia ni kukunja sasa au kukunja baadaye kidogo, jambo lisilo na kheri wala shari ndani yake, wala mtu hana sababu ya kuchagua huku kuliko kule.

Sisi Washafii, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi, tunalijua hili kwa miili yetu. Funga ya Ramadhani haisihi mpaka mtu ainuie usiku, baina ya kuchwa jua na kutoka alfajiri. Tangu tuko wadogo chuoni tumefundishwa: nawaitu sauma ghadin, nimenuia kufunga kesho. Kisha kunakucha. Saa nane mchana, jua limewaka, unafungua friji kumtolea mtoto maji. Mkono unampa mtoto bilauri, hauendi mdomoni mwako. Hukupiga shauri na nafsi yako wakati ule, wala pengine hukukumbuka kwamba umefunga, mkono ulijua wenyewe. Lau mtu angekubandika vipokezi saa nane ile atafute umenuia nini, asingeona dalili yoyote ya uamuzi, akaandika kwamba huyu mwili wake unakwenda wenyewe. Kumbe yeye amekuja mchana kutafuta kilichowekwa usiku.

Basi hilo ndilo ninalotaka tulitafakari wiki hii. Tunaitafuta hiari katika nusu sekunde ya mwisho, na kwa kuwa hatuioni pale tunasema haipo. Sheria yetu ilitufundisha zamani kwamba nia ina muda wake, na mara nyingi muda wake ni kabla.

Wanasayansi wenyewe wamefika karibu na hapo. Mwaka 2012 Aaron Schurger na wenzake walionesha kwamba umeme ule unaopanda si lazima uwe ni uamuzi. Umeme wa ubongo hupanda na kushuka wakati wote wenyewe kwa wenyewe, na mtu asiye na sababu ya kuchagua wakati huu au ule huchukuliwa na mpando wowote utakaotokea. Nahodha aliyekwisha nuia safari hungoja wimbi lililo kubwa limvushe mwamba. Ukitazama nyuma kila alipovuka utakuta wimbi limepanda kabla, na ukiwa hujui bahari utasema wimbi ndilo lililokata shauri la kwenda Tanga.

Na mwaka 2019 Uri Maoz, Liad Mudrik na wenzao walifanya jambo ambalo lilinifurahisha mno. Waliwapa watu wachague baina ya jumuiya mbili za misaada. Safari nyengine chaguo lilikuwa na uzito, kwani utakayoichagua ndiyo inayoweza kupata dola 1,000. Safari nyengine walijua kabisa kwamba wabonyeze huku au kule, jumuiya zote mbili zitapata sawa. Umeme ule wa Libet ulionekana katika kubonyeza kusikokuwa na maana. Katika chaguo lenye uzito haukuonekana. Yaani miaka yote ile iliyopigiwa makelele ilikuwa inapima kidole kilichoambiwa kisiwe na sababu.

Mungu hatatuhisabu kwa vidole vya namna hiyo. Msimu wa karafuu, mchumaji anashuka mtini jioni, anapimiwa kwa pishi, kile kipimo cha ujazo, na analipwa kwa pishi. Yuko mpimaji ambaye mkono wake hushindilia, pishi imeze zaidi ya haki yake. Suratul Mutaffifin imemshukia huyo, wale ambao wakijipimia kwa watu hutaka watimiziwe. Mkono ule nao una umeme wake kabla haujashuka, sina ubishi. Lakini kushindilia hakukuzaliwa katika nusu sekunde ile. Kulizaliwa siku aliyozoea kumwona mchumaji kuwa si mtu wa kufanyiwa insafu, na kila msimu uliopita bila ya kujirudi uliutia mkono ule adabu mbaya mpaka sasa hauhitaji tena kuamrishwa.

Kuna jambo jengine katika jaribio la Libet ambalo mtu wa msikitini analitambua haraka. Mnawajua ndugu zetu wanaosumbuliwa na wasiwasi wa nia. Imamu kesharukuu, yeye bado yuko kwenye takbira, anaianza, anaikata, anairejea. Kasoma kwamba madhehebu yetu yanataka nia ikutane na takbira, basi anataka aishike nia kwa jicho la moyo wakati ule ule ulimi unapotamka, na kila akiitazama inamponyoka. Haya ni maradhi yanayotesa, na naomba msiwacheke. Maulamaa hawakuwaambia wakazane kutazama. Wanavyuoni wakubwa wa madhehebu yetu, Imamul Haramain na mwanafunzi wake Ghazali, walisema yatosha mkutano wa kawaida, mtu ahesabike kwamba hakughafilika na sala yake, na Imamu Nawawi akaikhitari kauli hiyo.

Walijua kwamba nia haitazamiki kwa usahihi wa namna ile. Libet aliwataka watu wale wafanye lile lile linalomshinda mwenye wasiwasi, watazame ndani na kutaja saa nia ilipochomoza. Namba ya milisekunde 200 imesimama juu ya ushahidi huo. Mwaka 2009 William Banks na Eve Isham walichelewesha kidogo mlio uliofuata baada ya mtu kubonyeza kitufe, na watu wakataja kwamba hata nia yao ilikuja baadaye zaidi. Jambo lililotokea baada ya kitendo lilibadilisha kumbukumbu ya kilichotangulia! Shahidi wa namna hii kadhi asingempokea.

Lakini nisiwafanye mkadhani kwamba hakuna kinachotutangulia. Kipo. Mambo hupanda kutoka ndani yetu bila ya kuitwa, na maulamaa waliyapanga daraja tangu zamani: hajisi linalopita kama cheche, khatiri linalokaa kidogo, kisha mazungumzo ya nafsi, kisha hamu, kisha azma. Yale ya mwanzo hayana hisabu. Mtume (S.A.W.) amesema, katika hadithi ya Bukhari na Muslim, kwamba Mwenyezi Mungu ameusamehe umma wake yale ambayo nafsi zao zinawanong'oneza, maadamu hawajayatenda wala kuyasema. Basi mtu akikuambia ubongo umekuletea hamu kabla hujaijua, usibabaike. Dini yako haikukuhisabia hamu kuja.

Libet mwenyewe hakusema kwamba hiari haipo. Yeye alisema kwamba baada ya hamu kufika bado kuna mwanya mdogo ambao mtu anaweza kusema hapana, na mkono usiende. Mwaka 2016 Matthias Schultze-Kraft na wenzake wa Berlin waliupima mwanya huo kwa mchezo wa kubonyeza kitufe kwa mguu. Kompyuta ilikuwa ikisoma umeme wa ubongo na kuwasha taa nyekundu umeme unapopanda, na watu waliweza kujizuia mpaka kiasi cha milisekunde 200 kabla ya kitendo. Baada ya hapo walikuwa wamechelewa, mguu umekwisha anza kwenda. Tena ikumbukeni ile hadithi nyengine, ya Ibn Abbas, kwamba mwenye kukusudia ovu kisha asilitende, Mwenyezi Mungu humuandikia jema kamili. Hakuandikiwa sifuri. Kule kuzuia kwenyewe ni amali, kuna daftari lake.

Kauli ya kwamba mtu hana lake si mpya kwetu. Jahm bin Safwan aliisema katika karne ya pili ya Hijra, kwamba binadamu ni kama unyoya kwenye upepo, na wafuasi wa kauli hiyo wakaitwa Jabriya. Waashaari, wanavyuoni wa itikadi wanaomfuata Imamu Ash'ari, waliwajibu kwa jambo ambalo kila mmoja wetu analo mwilini. Mkono unaotetemeka kwa baridi ya homa na mkono unaokwenda kuchukua tonge ni mikono miwili tofauti, na mwenyewe anaijua tofauti hiyo bila ya kufundishwa. Ndugu zetu Waibadhi, wa madhehebu ya Ibadhi, nao wanasema kwamba kitendo ameumba Mungu na mja amekichuma, yaani amekifanya kwa kutaka kwake. Daktari Wilder Penfield wa Montreal, Kanada, alikuwa akiwapasua vichwa wagonjwa wa kifafa wakiwa macho, akigusa ubongo kwa umeme, mkono wa mgonjwa unanyanyuka. Mgonjwa akiulizwa, humwambia daktari kwamba hilo si langu, ni lako wewe. Ubongo ni wake, mkono ni wake, na bado alijua kwamba hakukichuma yeye.

Hapa nataka niseme jambo linalouma, na mnisamehe waliofiwa. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikija kwetu Pemba, imejaa watu na mizigo kupita kiasi. Hakuna mtaa hapa usiokuwa na aliyepoteza mtu, kama si wako ni wa jirani yako. Mama aliyezikiwa wanawe akasema, "Ni kadari ya Mungu, innalillahi," huyo kashika kamba ya imani na Mungu atamlipa subira yake. Lakini mtu anayepakia chombo zaidi ya uwezo wake, chombo chochote, kisha akasema maneno hayo hayo, huyo anamsingizia Mola wake. Wanavyuoni wametuwekea kanuni kwamba kadari ni ya kutegemewa kwenye misiba, si ya kujifichia kwenye makosa. Ajali haina kinga, wazee wamesema kweli, lakini kuhesabu abiria si kushindana na Mungu. Sayyidna Umar alipofika Sargh, njiani kwenda Sham, akasikia tauni imeingia Sham, akageuza msafara. Sahaba Abu Ubayda akamwambia, unakimbia kadari ya Mwenyezi Mungu? Akamjibu kwamba ndiyo, tunakimbia kutoka kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye kadari ya Mwenyezi Mungu. Maboya ya kujiokolea ni kadari. Ofisa anayesema "imejaa, basi" ni kadari.

Wako lakini ambao hiari yao imebanwa kweli kweli, na juu yao ulimi wetu umekuwa mkali mno. Nawakusudia vijana wetu walioingia kwenye unga, yaani dawa za kulevya. Tunawaambia, "Si uache tu!" Tunasema hivyo kwa kuwa hatujui unga unafanya nini. Ubongo una njia zake za kumfanya mtu apende chakula, watoto, na sifa njema, na unga huziteka njia hizo mpaka mengine yote yanakuwa hayana ladha. Kijana wa namna hiyo akipita maskani pale pale, na wenzake wale wale, hamu humpanda kabla hajafikiri, na mwanya wake wa kusema hapana umekuwa mwembamba sana. Kumwambia ashindane nayo pale ni kumtuma vitani bila ya silaha.

Lakini mwanya wa saa ile si mlango wake pekee. Yule mtu wa Bani Israil aliyeua watu 99, akamaliza mia, alipokwenda kwa mwanachuoni kuuliza kama ana toba, hakuambiwa "jikaze." Aliambiwa ahame, aende nchi fulani, huko kuna watu wanaomwabudu Mungu aabudu pamoja nao, na asirudi nchi yake, kwani ni nchi ya uovu. Hadithi imo katika Bukhari na Muslim. Mwanachuoni yule aliitafuta hiari ya mtu pale ilipokuwa bado na nguvu, nayo ni katika kuchagua njia ya kupita na watu wa kukaa nao. Kijana anayekwenda soba hausi, nyumba ya kuachia unga, anayekubali mamake amshikie pesa zake, anayekwenda kunywa methadoni, dawa ya kutuliza hamu ya unga, kila siku bila ya kuona haya, huyo ameweka nia usiku. Mchana wake utamtesa, lakini hatakuwa peke yake na ile nusu sekunde. Na sisi jamaa zake, nafasi tunayompa au tunayomnyima nayo itaulizwa.

Kijana wangu wa chuo kikuu hakuridhika hapo, naye ana haki. Akauliza, "Na hiyo nia ya usiku, nani aliyeitia moyoni mwangu?" Nikamsomea aya mbili zilizofuatana mwisho wa Suratut Takwir. Ya kwanza inasema Qur'ani ni ukumbusho kwa anayetaka miongoni mwenu kwenda sawa. Ya pili inasema, wala hamtotaka ila atake Allah, Mola wa walimwengu wote. Ukiichukua ya kwanza peke yake utajiona huna haja na Mungu. Ukiichukua ya pili peke yake utalala. Masahaba walikuwa makaburini Baqii na Mtume (S.A.W.), akawaambia hakuna mmoja wenu ila makazi yake yamekwisha andikwa. Wakasema, basi tusitegemee maandiko hayo tukaacha amali? Akasema, "Tendeni, kila mmoja amesahilishiwa lile aliloumbiwa." Swali ni lile lile la kijana wetu, na aliyejibiwa hakupewa ruhusa ya kukaa.

Ummu Salama (R.A.) aliulizwa dua ipi Mtume aliyokuwa akiiomba zaidi alipokuwa kwake. Mtume mwenyewe, ambaye nia yake hakuna mfano wake, alikuwa akiomba moyo wake usigeuke. Juma hili naomba tuiombe usiku, kabla ya kulala, na kila mmoja ataje ndani yake lile jambo la kesho analolijua yeye: pishi, mizani, simu, njia ya kupita, mtu wa kutompandishia sauti.

Ya Muqallibal quluub, thabbit qalbii alaa diinik. Ewe Mwenye kuzigeuza nyoyo, uthibitishe moyo wangu juu ya dini yako.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.